Sura ya Saba: Vikopo Kumi na Viwili

Karatasi ya maabara ilikuwa na mistari minne tu, lakini mpelelezi aliisoma mara tatu akiwa amesimama mlangoni mwa kliniki. Mlango ulimgonga mgongoni, hakugeuka.

Kikopo cha marehemu kilikuwa kimebaki na kapsuli thelathini na mbili. Maabara walizipasua zote. Kumi na sita zilikuwa na unga mtupu. Kumi na tatu zilikuwa na dawa kali. Tatu zilikuwa na dawa ile ile, ila hafifu.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wake.

"Umefika wapi?"

"Kliniki, mkuu."

"Sikuulizi mahali, nakuuliza kesi."

"Kuna jambo halikai sawa. Mtu anayetaka kuua hachanganyi sumu na unga. Anatia sumu, basi."

"Saa nane mchana faili liwe kwa mwendesha mashtaka. Jumatatu ijayo asubuhi mfamasia anasomewa shtaka la mauaji. Ni yeye peke yake aliyejua kila kikopo kina nini, na kinywa amekishona. Mtu asiye na hatia hanyamazi hivyo."

"Wengine hunyamaza, mkuu."

"Saa nane," mkuu alisema, akakata.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Mpelelezi akaikunja karatasi na kupanda ngazi.

Marehemu alikuwa mpiga pasi, mwanamke wa miaka thelathini. Jumatatu aliingizwa kwenye majaribio ya dawa, akapewa kikopo chake. Alhamisi asubuhi alianguka kazini. Wenzake walisikia kwanza harufu ya shati linaloungua, ndipo wakamwona yuko chini ya meza, amepoa. Damu yake ilikutwa na dawa nyingi kupita kiasi, ya kumlaza mtu mwenye mwili mara mbili ya wake.

Daktari mkuu wa majaribio alimpokea ofisini akiwa na macho mekundu. Chai yake ilikuwa mezani, imefanya utando juu.

"Nieleze tena," mpelelezi alisema. "Nieleze kama unamweleza mtu aliyeishia darasa la saba."

"Ugonjwa unaitwa fibromialjia. Mwili mzima unauma. Misuli, viungo, hata shuka likigusa ngozi. Mtu analala anaamka amechoka kuliko alivyolala. Ukimpima damu, safi. Ukimpiga picha, safi. Basi anaambiwa anadeka."

"Na dawa?"

"Ndiyo tunaijaribu. Wagonjwa kumi na wawili. Sita wanapewa dawa, sita unga usio na dawa. Kapsuli sura moja, rangi moja. Mgonjwa hajui anameza nini, na mimi sijui. Anayejua ni mfamasia, na ameapa asiseme mpaka mwisho. Akitoboa ya mmoja, ametoboa ya wote. Kuna kamati yenye ruhusa ya kuifungua orodha ya nani kapewa nini, nimeiandikia. Itajibu wiki ijayo."

"Wiki ijayo mwenzako atakuwa gerezani. Kwa nini hata wewe ufichwe?"

"Macho yangu yatasema. Mwenye dawa nitamwuliza, 'Nafuu, siyo?' Mwenye unga nitamwuliza huku nimeshamkatia tamaa. Naye atanijibu ninavyotaka."

Mpelelezi akaomba madaftari ya maumivu. Kila jioni kila mgonjwa aliandika namba moja tu, kuanzia sifuri ya kutoumwa hadi kumi ya kushindwa kusimama. Akayapanga sakafuni mstari mmoja, akavua viatu, akapiga magoti. Alikaa hapo nusu saa, kidole kikitembea kutoka wiki hadi wiki. Daktari alizoea watu wanaofunua haraka. Huyu alisoma kama anayechambua mchele.

"Huyu mnayemwita Utingo," alisema mwishowe. "Mwezi wa kwanza anatoka nane, anashuka sita, nne, tatu. Huyu Mwalimu ni nane, nane, saba, nane. Hajasogea."

"Ndiyo."

"Kuanzia wiki ya tano, Utingo tano. Mwalimu tano. Na hawa wengine wote tano, sita, tano."

Daktari akajifuta uso. "Huo ndio msiba wangu mwingine. Dawa iliacha kufanya kazi."

"Na unga ukaanza kufanya kazi?"

Daktari akayainamia madaftari.

"Walioshuka wamepanda kidogo, na waliokuwa juu wameshuka kidogo," mpelelezi alisema akiinuka. "Hapa hakuna dawa iliyoshindwa, daktari. Hapa watu wamekutana njiani. Waite wote kumi na mmoja. Waje na vikopo vyao, na wasimeze hata kapsuli moja."

Wakati wagonjwa wakisubiriwa, alishuka getini kwa mlinzi, mzee aliyevaa koti zito juani.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Kwenye faili imeandikwa kwamba Jumatatu marehemu alizozana na mfamasia dirishani. Inasemekana mfamasia alimtaka, akakataliwa."

"Nani kasema alimtaka?"

"Si ulisema wewe?"

"Mimi? Askari waliniuliza, 'Walizozana?' Nikasema ndiyo. Wakaniuliza, 'Binti alilia?' Nikasema ndiyo. Wakafunga daftari. Mapenzi walitoka nayo kwao."

"Sasa nakuuliza mimi. Walisemaje?"

Mzee akatazama huku na huku. "Binti alikuwa anambembeleza amwambie kama amepewa dawa au unga. 'Usiseme,' anamwambia, 'tikisa kichwa tu.' Mfamasia akamjibu, 'Dada yangu, nikitikisa kichwa nimeharibu kazi ya watu wote.' Akafunga dirisha. Binti akalia pale. Ndiyo mapenzi yenyewe hayo."

Mpelelezi aliandika neno kwa neno. Kisha akauliza, "Wakishachukua dawa zao huondoka?"

"Waende wapi mara moja na maumivu yale? Huingia kwanza chumba cha mazoezi kule nyuma, wote, wakajifungia. Wanasema wanaomba."

"Kwa muda gani?"

"Nusu saa hivi. Ila nikwambie ukweli, binti, tangu waanze kuomba sijawahi kusikia amina."

Saa tano wagonjwa walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya kijani, kila mmoja na kikopo mapajani. Walikaa kama wakaavyo watu wanaoumwa, nusu ya mwili kwenye benchi, nusu ikitafuta pa kuegemea. Mbele kabisa alikuwa Fundi, mshona nguo, dada mkubwa wa marehemu. Yeye alikuwa kwenye majaribio tangu siku ya kwanza, na mgonjwa mmoja alipohama mji, ndiye aliyemleta mdogo wake kujaza nafasi.

"Tumeitiwa nini?" Fundi aliuliza kabla mpelelezi hajasalimia. "Muuaji si mnaye? Yeye ndiye aliyepima, yeye ndiye aliyetia. Mpelekeni mahakamani, mniache nimlilie mdogo wangu."

"Pole sana, dada. Nitawasumbua kidogo tu."

Trei ya chuma iliwekwa mezani. Mpelelezi akapokea kikopo cha kwanza, cha Mwalimu, mama mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akamimina na kuhesabu. Kapsuli ishirini na saba. Cha Utingo, ishirini na saba. Cha Fundi, ishirini na saba. Vyote kumi na kimoja hivyo hivyo.

"Hakuna aliyesahau hata siku moja?" aliuliza. "Kumi na mmoja, na hakuna aliyepitiwa na usingizi?"

Watu wakatazama viatu vyao.

"Daktari, dawa yako ina ladha?"

"Chungu kama shubiri. Unga hauna ladha."

"Basi fungua za kikopo kimoja kimoja. Gusa ulimi, kidogo tu, uteme."

Daktari akaichukua kapsuli ya Mwalimu, akaitenganisha kwa kucha, akagusa. "Unga." Ya pili, kikopo hicho hicho. Uso ukamkunjamana. "Dawa."

Akarudia, labda amekosea. Akaenda kwa Utingo. Unga. Unga. Dawa. Kwa Fundi. Dawa, kisha unga. Kufikia kikopo cha sita alikuwa hasemi tena. Alifungua, akaonja, akatema kwenye karatasi, akafungua nyingine, vumbi jeupe likimwagikia shati.

"Haiwezekani," alisema. "Kikopo kimoja kina kitu kimoja. Kimoja tu."

Akarudi nyuma akitafuta kiti, akakalia mizani ya kupimia wagonjwa. Mshale ulizunguka ukatetemeka. Hakuna aliyecheka.

Kisha Utingo, mwanaume mnene aliyekuwa utingo wa malori kabla mwili haujamgomea, akakohoa.

"Daktari, usijisumbue kulamba vyote. Tulichanganya."

"Mlichanganya nini?"

"Dawa."

"Nani?"

"Sisi."

Daktari alimtazama kama mtu aliyeamshwa na ndoo ya maji.

"Usimkasirikie," Mwalimu akaingilia. "Wewe hujui nyumbani tunaitwaje. Mimi mume wangu ananiita Malkia wa Godoro. Hapa ndipo mtu wa kwanza aliniambia pole akamaanisha. Sasa mwezi wa kwanza tukaanza kujuana. Wenzetu midomo inakauka, usiku wanalala fofofo. Wengine palepale tulipo. Siku moja nikamwona huyu Utingo anapanda ngazi bila kushika ukuta. Akaniona namwona. Akashika ukuta."

"Niliona haya," Utingo alisema. "Unaponaje mbele ya mwenzako, na mmeumwa wote?"

"Basi tukaleta beseni. Tukishapokea, tunamimina wote, tunakoroga, tunahesabu. Kila mtu arobaini na mbili zake, tatu kwa siku. Anayesahau anamalizia kesho yake, ili hesabu isije ikatuumbua. Hakuna wa dawa tupu, hakuna wa unga mtupu. Haki."

"Haki!" Daktari alisema kwa sauti iliyopasuka. "Miaka miwili ya kazi, mama!"

"Wazo la nani?" mpelelezi aliuliza.

"Langu," alisema Utingo.

"Langu," alisema Mwalimu, na nyuma sauti mbili tatu zikadai vivyo hivyo.

"Acheni wema wa uongo," Fundi alisema. Alisimama. "Ni langu mimi. Beseni ni langu, la kulowekea vitambaa. Tuliapa kutosema, maana tungefukuzwa wote. Na Jumatatu Mwalimu alisema mgeni asubiri kwanza, asichanganyiwe. Mimi nikakataa. Mdogo wangu namjua, hata akichemsha maji yanaungua. Bahati yoyote ikigawiwa, yeye anapata ganda. Nikajua tu amepewa unga. Nikakichukua kikopo chake mkononi mwake, nikamimina mwenyewe."

Mpelelezi hakuandika. Kalamu ilikuwa imesimama hewani.

"Na usinitazame hivyo, afande. Mimi nilimeza zile zile. Huyu alimeza, yule alimeza, beseni moja. Mbona tuko hapa? Kwa hiyo yule bwana kuna alichokitia kingine."

Mpelelezi akamgeukia daktari. Uso wa daktari ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa kama jivu la jana.

"Hazikuwa zile zile," alisema taratibu.

"Kivipi?"

"Dawa hii haianzwi kwa nguvu. Siku ya kwanza mtu anapewa hafifu kabisa, kisha kila wiki mbili tunampandisha, mpaka mwili uzoee. Ninyi mko wiki ya tisa. Kapsuli moja ya sasa ina nguvu mara kumi ya ile ya mtu anayeanza."

"Mbona zote zinafanana?" Utingo aliuliza.

"Tulizifanya zifanane."

"Mbona hamkutuambia?"

"Kwa sababu kila mtu alikuwa na kikopo chake!"

Mwalimu alijishika kifua. "Ile wiki ya kwanza ya beseni nilitapika siku tatu. Nikadhani ndiyo nafuu inaingia."

"Wiki ya tano nguvu ilikuwa bado ya katikati," daktari alisema. "Mungu aliwapitisha hapo. Jumatatu mlimpa mgeni kapsuli kali za wiki ya tisa, na mwili wake haujawahi kuonja hata chembe."

Hapo ndipo chumba kilipofahamu. Kikopo kikadondoka kutoka mapaja ya mtu, kapsuli zikatawanyika chini ya mabenchi, na hakuna aliyeinama. Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Sisi?" Akarudia, "Ni sisi?" Utingo, mtu wa utani saa zote, aliufunika uso wote kwa kofia.

Fundi hakulia. Alikaa chini polepole, kama mtu anayekalia kiti asichokiona.

"Lakini alikuwa na unga," alisema. "Siyo, daktari? Nisingemimina, angekula unga tu."

"Sijui, mama. Anayejua ni mfamasia."

Mpelelezi akamshika daktari mkono, akamtoa hadi korido na kufunga mlango wa kioo. Akaikunjua karatasi ya maabara.

"Kapsuli kali najua zimetoka wapi, na unga najua. Hizi hafifu tatu je?"

"Hafifu ni za anayeanza."

"Wiki hii nani mwingine alianza?"

"Hakuna. Yeye tu."

"Basi unga hauna nguvu ya kupanda wala kushuka. Hafifu zilizoingia kwenye beseni zilitoka kikopo kimoja."

Daktari aliangalia karatasi. Mkono ukapanda mdomoni. "Alipangiwa dawa," alisema. "Alikuwa nayo. Angeanza pole pole, na huenda leo hii—"

"Teremsha sauti."

Upande wa pili wa kioo Fundi alikuwa anawatazama.

Saa nane kasorobo walikuwa kituoni. Fundi alikuwa amedai kuja mwenyewe kufuta maneno yake dhidi ya mfamasia, na mpelelezi hakuona sababu ya kumzuia. Alimwambia mkuu wake habari yote akiwa amesimama. Mkuu alizungusha kalamu, akasema, "Watu kumi na mmoja?" Kisha, "Kwa huruma?" Hakutaja tena mwendesha mashtaka.

Mfamasia aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda wala viatu, kashika suruali kiunoni. Mpelelezi alimweleza kwa sentensi tatu, akamwekea karatasi ya maabara mbele. Mfamasia aliisoma. Kwenye mstari wa nne macho yake yalisimama, yakapanda kwa mpelelezi, yakarudi kwenye karatasi. Rangi ilimtoka.

"Wote wameacha kumeza?" Hilo ndilo swali lake la kwanza.

"Vikopo vyote ninavyo."

"Beseni," alisema. "Nilizipima moja moja kwa mizani ya kupimia dhahabu, usiku na mchana, halafu beseni." Akataka kucheka, sauti ikamgeuka njiani.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. "Kaka yangu," alisema. "Nilikuita muuaji mbele ya mama yako."

"Nilisikia."

"Nisamehe."

"Keti, dada. Miguu yako haikufai kusimama."

Aliketi. Mikono yake ya kushona, yenye vidole vilivyovimba viungo, aliiweka mezani kama kitu cha mtu mwingine.

"Kazi yenu imeshakufa," alisema. "Hakuna siri tena ya kulinda. Niambie hilo moja tu. Mdogo wangu ulimpangia nini?"

Siku mbili nzima mfamasia alikuwa ameulizwa swali hilo kwa kupigiwa meza, kwa kunyimwa usingizi, kwa kutishiwa kamba, na hakutoa neno. Mpelelezi alimwona anaitazama karatasi, kisha vile vidole.

"Unga," mfamasia alisema.

Fundi alivuta pumzi ndefu, ikamtoka kwa vipande. "Nilijua," alisema. "Nilijua mimi. Angeumwa bure miezi yote. Angalau nilitaka apate kidogo." Sasa ndipo alipolia, kichwa juu ya meza, na mfamasia akiwa amemshika bega kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia suruali.

Mpelelezi alivuta karatasi ya maabara, akaigeuza uso chini, akaweka juu yake fomu ya maelezo. Alisubiri mpaka kilio kikapungua.

"Nasikiliza, dada. Anza popote."

Fundi alisema yote, la beseni, la kikopo alichokichukua mkononi, la Mwalimu aliyeonya. Mwisho akajifuta uso kwa kiganja.

"Na hilo liandike, afande. Andika kwamba alikuwa na unga."

Mfamasia aliinamisha kichwa. Mpelelezi aliitazama nafasi iliyobaki chini ya ukurasa. Wiki ijayo barua ya kamati itafika na orodha ya kweli, na itasomwa kwa sauti mbele ya watu.

Aliandika. Maelezo ya shahidi huandikwa kama shahidi alivyosema. Akamgeuzia fomu atie sahihi.